Mdhamini wa Dola ya Mzee Abdulhadi

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Mzee Abdulhadi kaenda Hong Kong kuhangaikia viza. Anarudi mwisho wa wiki. Ofisi ya Guangzhou kaniachia mimi na Wekesa. Yaani mimi. Wekesa ni Mkenya wa Bungoma, kazi yake ni kusimamia spika na redio zinapopakiwa kwenye makontena, na kuwachekesha wapakiaji mpaka waangushe katoni. Karani ni mimi. Mwenye cheti ni mimi. Mwenye vidonda vya tumbo ni mimi.

Kabla ya kutoka Mzee alinikabidhi kikopo cha bati kilichowahi kuwa cha udi. Ndani mna dola. Si noti. Sarafu! Ya fedha, nzito, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Ilikuwa ya babu yake, Unguja. Kila binti wa ukoo wao akiolewa hushikishwa dola hiyo kiganjani, kisha inarudi kikoponi kumngoja mwingine. Safari hii ni zamu ya Kauthar, binti yake Mzee. Harusi ni kabla ya Ramadhani. Dada yake Mzee, Bimdogo, atapita hapa Jumamosi aichukue.

Kwa nini iko Guangzhou na si Unguja? Mzee huitembeza. Akipata nafasi huenda nayo soko la vitu vya kale kuwaonyesha wauzaji. Anawaonyesha nini, sijui. Sikuuliza. Kuuliza ni kujiingiza.

Nikaomba tuandikiane makabidhiano, asaini yeye. Akacheka. Akasema mwaka mzima niko hapa na sijatia saini yangu hata kwenye risiti ya maji ya kunywa. Ni kweli. Marehemu mjomba wangu wa Singida alitia saini mara moja tu. Mzee akanipiga bega akasema, "Itunze kama roho yako, Abednego." Hajui roho yangu inavyoishi.

Mchana nikaifungua niikague. Tahadhari tu. Mtu akikabidhiwa kitu lazima ajue hali yake, asije akalaumiwa.

Mungu wangu! Imegongwagongwa! Mbele, nyuma, ukingoni, kila mahali kuna vijialama vilivyozama. Vingi ni kama maandishi ya Kichina. Kimoja ni kama samaki. Kimoja kimempata shingoni yule mwanamke aliyechorwa juu yake.

Wekesa akachungulia. Nikamuuliza kama dola ilikuwa hivi. Akavuta pumzi. Akasema wiki iliyopita aliiona kwa macho yake mezani kwa Mzee, laini, inang'aa kama jino la mtoto. Kisha akaniuliza, kwa huzuni kabisa, "Karani, umeifanya nini dola ya wenyewe?"

Sijaifanya kitu! Au nimeifanya? Kikopo kiliniponyoka kwenye ngazi. Kikabingirika mpaka chini. Je, ngazi zinaweza kuandika Kichina?

Jumanne, 9 Novemba

Sijala. Nimesoma. Kwenye rafu ya Mzee kuna katalogi ya Kimarekani ya wakusanya sarafu. Nandika hapa nilichoelewa, ili nikisoma tena nikielewe.

Dola hii Wamarekani waliianza mwaka 1873. Hawakuitengeneza kwa ajili yao. Waliitengeneza kwa ajili ya Uchina. Wafanyabiashara wa huku walikuwa wakipenda dola ya Mexico, basi Wamarekani wakaona wivu, wakatia fedha nyingi kuliko ya dola yao ya nyumbani, na uzito wakauandika hapo hapo juu, punje 420, Mchina akose kisingizio. Sawa. Mpaka hapo niko nao.

Lakini mwaka 1876 Amerika ikatangaza kwamba dola hii si pesa halali huko Amerika. Jina la Amerika liko juu yake! Tai wa Amerika yuko mgongoni! Mimi nikiikana saini yangu napelekwa polisi. Nchi ikikana sarafu yake inaandikiwa kitabu.

Haijaisha. Mwaka 1887 wakakubali kuzipokea tena na kuzilipa. Isipokuwa zile zilizogongwa alama. Hizo, wakasema, zimeharibika. Na katalogi inakazia: yenye alama thamani yake huwa chini, iliyo safi ndiyo inayotafutwa.

Zimeharibika. Neno hilo nimelirudia mpaka limepoteza maana, kisha likaipata tena, mbaya zaidi.

Ni wazi basi. Mzee aliacha dola safi. Iliyopo imeharibika. Aliyekuwa nayo ni mimi.

Mpango wa kwanza: majivu ya udi na ndimu. Mama yangu hung'arisha hivyo sufuria, na sufuria zake zinajulikana kata nzima. Nikasugua asubuhi yote. Dola iling'aa. Alama zikang'aa zaidi! Zamani zilikuwa zimejificha kwenye weusi, sasa zimejitokeza kama watu waliosikia kuna pilau.

Mpango wa pili: kuziba. Nta ya mshumaa, nikachanganya na unga wa risasi ya penseli ipate rangi ya fedha. Nikaziba moja moja kwa ncha ya sindano. Kazi safi sana. Nikaitia dola mfukoni kwenda kuitazama juani. Joto la paja likamaliza kila kitu. Suruali imekuwa na doa ambalo siwezi kumweleza dobi.

Wekesa akaja kuona. Akamtazama yule mwanamke wa kwenye sarafu, aliyeketi juu ya mizigo, mkono kaunyoosha kuelekea baharini. Akasema huyu anamjua. Huyu ni mama wa Kariakoo, amekalia robota lake la mitumba, anamnyooshea mkono wakala wa meli, anauliza kontena lake liko wapi tangu mwezi wa tatu. Wapakiaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Huyo mama ana jeraha shingoni na watasema ni mimi.

Jumatano, 10 Novemba

Ushindi! 

Nimekwenda soko la vitu vya kale. Langoni mlinzi alinyoosha mkono, nikampa kitambulisho changu cha ukaazi. Kumbe alikuwa ananionyesha njia. Ni mazoea. Katika mji huu yeyote akininyooshea mkono, mimi hutoa kitambulisho. Kina picha yangu, mhuri mwekundu, na jina langu la Kichina nililochaguliwa na afisa. Siwezi kulisoma. Naamini tu kuwa ni langu.

Kona ya ndani kuna mama mmoja, wanamwita Laoban Liang. Laoban ni bosi. Huku mwenye meza ni laoban, mwenye kigoda ni laoban, na mimi pia huitwa laoban nikiwa na mwavuli. Meza yake imejaa dola za fedha. Nikamwonyesha yangu, nikaificha haraka, nikamwonyesha tena.

Akaitazama dola. Akanitazama mimi. Akaitazama dola. Akamwita jirani yake. Jirani akaitazama, akanitazama. Wakasemezana. Kisha wakaniketisha, wakanimiminia chai! Watu wakarimu ajabu. Mama akaweka mkono kichwani, akauzungusha, kama mtu anayejichorea duara kipajini, na kuuliza jambo. Nikaelewa ananiuliza kama kichwa kinaniuma. Nikasema ndiyo, sana, tangu juzi. Akazungusha tena. Nikasema ndiyo, pande zote. Akaongeza chai.

Hapo ndipo nikaiona. Mwisho wa meza, peke yake juu ya kitambaa chekundu. Mwanamke yuleyule, mizigo ileile, tai yuleyule. Safi! Haina hata mkwaruzo. Na mwaka wake: 1872.

Katalogi inasema zilianza 1873. Kwa hiyo hii ni ya kabla ya zote! Waliozitengeneza wenyewe walikuwa hawajaanza! Mtu asiyesoma angeiacha ipite.

Nikamwashiria tubadilishane. Akakataa. Akatikisa kichwa, akaisukuma dola yangu irudi kwangu, akazungusha tena mkono kichwani. Nikajua anataka kupandisha bei. Nami si mtoto. Nikavua saa niliyopewa na baba nilipohitimu, nikaiweka juu. Akaitazama saa. Akaiweka sikioni. Akapumua. Basi akakubali. Dola yangu iliyoharibika hakuiweka mezani pamoja na nyingine. Aliifunga kitambaani akaitia ndani ya koti lake. Aibu, nadhani. Hataki wateja waione.

Nikaondoka mbio kabla hajageuza nia.

Sasa ipo kikoponi. Ushahidi wote umetoweka. Wekesa kaniuliza mbona nina furaha. Nimemwambia ni hali ya hewa.

Alhamisi, 11 Novemba

Bimdogo kafika leo! Jumamosi ilikuwa Jumamosi, na leo ni Alhamisi, lakini ndege haikumuuliza mtu. Kaingia na mabegi matatu na harufu ya karafuu, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Nikampa shikamoo mara mbili. Akasema marahaba ya kwanza inatosha, mwanangu, ya pili kamwekee mkeo. Sina mke. Akasema kwa uso huu ataona ajabu nikimpata.

Akaketi. Akataka chai. Akaanza kunisimulia dola, bila kuombwa, na kila neno lilikuwa msumari.

Babu yao aliuza majongoo ya pwani na mapezi ya papa, akalipwa dola hiyo na baharia aliyetoka upande huu wa dunia. Reale nyingine zote, yaani sarafu za fedha za nyumbani, bibi yao aliziyeyusha, akafanyiwa vikuku. Hii tu ikanusurika. Kwa nini? Kwa sababu ya alama zake, akasema Bimdogo. "Alama?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu mwingine, mdogo zaidi.

Akasema, we mwana, hujazaliwa mjini? Zamani za kale wenye maduka wa Guangzhou hawakuamini uso wa mtu aliyechorwa, awe mfalme awe nani. Dola ikiingia dukani inapimwa, inasikilizwa mlio. Ikiwa njema, mwenye duka anaigonga alama yake mwenyewe. Ikenda duka la pili, nalo linagonga. Kila alama ni mtu aliyeapa. Babu alikuwa akisema, fedha zote zimepimwa lakini hii imeapiwa. Ndiyo maana mwari wetu hushikishwa. Aingie kwenye ndoa ameshika viapo vya watu wazima. "Na samaki yupo?" akauliza. "Mimi nilipoolewa nilimbana samaki na kidole gumba mpaka kadhi akamaliza."

Nikasema samaki yupo. Sijui yupo wapi, lakini yupo.

Akataka aione. Nikasema iko kwenye sefu na ufunguo anao Mzee. Kikopo kilikuwa mfukoni mwangu. Nikakihisi kinapumua.

Alipokwenda kuswali nikatoa dola mpya niiangalie. Pengine, kwa rehema, na yenyewe ina samaki aliyejificha. Nikaiweka mezani karibu na sampuli ya spika kubwa, zile za baa zinazokwenda Mbeya. Dola ikasogea. Yenyewe! Ikateleza, ikaruka, ikanasa kwenye spika, ta!

Nikaibandua. Ikaruka tena. Ta! Spika ina sumaku. Fedha na sumaku hazijuani, hilo nililisoma kidato cha pili. Kwa hiyo ama sumaku za siku hizi zimeboreshwa, ama hii si fedha.

Wekesa alikuwa mlangoni. Aliona yote. Akaniuliza dola ya Mzee iko wapi. Nikamwambia ni hiyo, imebadilika. Kisha akasema, taratibu, kwamba ile siku alikuwa akinitania. Kwamba dola ya Mzee ilikuwa na alama hizo tangu yeye amjue Mzee. "Nilidhani utacheka, buda! Ni nani huamini stori kama hiyo?"

Mimi. Mimi huamini.

Kwa hiyo dola iliyoharibika ilikuwa nzima, na hii nzima ndiyo iliyoharibika. Katalogi inasema hivi, Bimdogo anasema vile, na wote wawili wanazungumzia sarafu moja. Amerika iliikataa kwa alama zake, Guangzhou iliipokea kwa alama zake. Nimekunywa dawa ya tumbo. Ilikuwa shampuu. Chupa zinafanana.

Ijumaa, 12 Novemba

Asubuhi mapema, sokoni. Meza ya Laoban Liang imefunikwa turubai! Jirani yake akanitambua, akacheka, akapunga mkono. "Mei you!" Yaani hakuna, hayupo. Nikauliza yuko wapi, kwa mikono yote miwili. Akapuliza mdomo, tuu, tuu, akakimbiza ngumi mbele na nyuma. Treni. Amepanda treni! Amekimbia na dola ya Kauthar!

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Nikafikiri kwenda kituo cha mabasi, nijifiche Shiling kwenye viwanda vya mikoba mpaka niwe mzee. Nikafikiri kumwambia Bimdogo ukweli. Shiling ilinivutia zaidi.

Kisha mtaa wa nyuma nikasikia kinyundo. Tin, tin, tin. Mchonga mihuri!

Wazo likaja lenyewe, lote, kama limetumwa. Tatizo la dola hii ni nini? Haina alama. Mchonga mihuri kazi yake ni nini?

Nikamwonyesha dola. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa, hapa, na hapa, gonga. Ni mzee mwenye miwani minene na adabu nyingi. Akaigeuza. Akaniuliza swali. Sikuelewa. Akauliza tena, akanyoosha mkono.

Nikampa kitambulisho.

Akakisoma kwa makini. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri sana. Akachukua kipande cha chuma, akachonga, akapuliza, akachonga, huku akitupia jicho kitambulisho changu. Nadhani alikuwa akihakiki kama viza yangu ni halali. Watu wa mji huu wanaheshimu sheria. Kisha akagonga. Alama safi, ndogo, ya Kichina kabisa! Nikamwomba nyingine mbele. Mbili nyuma. Moja shingoni kwa yule mama, kwa ajili ya uaminifu. Akawa anagonga anacheka, nami nikacheka, tukawa marafiki. Samaki nilimchora kwenye karatasi. Akakataa kwa mkono. Akanipa kile chuma kiwe changu.

Alama zote zinafanana. Haidhuru. Pengine ni duka moja lililoipenda sana.

Zinasema nini? Sijui. Nakisia "njema" au "haki".

Jioni Wekesa kasema Mzee kateremka kwenye treni ya Hong Kong lakini kapitia kula kwa rafiki. Atakuwa ofisini kesho. Bimdogo anaondoka kesho hiyohiyo.

Jumamosi, 13 Novemba

Nandika nikiwa hai. Naanza na hilo.

Mzee kaingia na kofia yake ya kiua, kanzu safi, kapumzika. Bimdogo kaketi upande wa kulia. Wekesa kaegemea mlango, anautazama mguu wake. Mzee akaomba kikopo. Nikakitoa kwa mikono miwili na kikalia njia nzima kama kayamba.

Akaitoa dola. Akavaa miwani. Akachukua na ile lenzi yake. Akatazama mbele. Akatazama nyuma. Mzee amefanya biashara huku tangu nikiwa shule ya msingi, na anasoma Kichina cha dukani kama mimi ninavyosoma magazeti.

Akamwambia dada yake, pole pole, kwamba fedha hii ina mdhamini mmoja tu, lakini kajidhamini mara nyingi. Kisha akanigeukia, akanyoosha mkono.

Nikampa kitambulisho. Sijui kwa nini! Mkono ulitangulia.

Akakiweka mezani kando ya dola. Hata mimi niliona. Mchoro uleule. Kitambulishoni mara moja, kwenye dola kila mahali. Jina langu! Lipo kwenye tai. Lipo kwenye robota. Lipo shingoni kwa mama wa Kariakoo!

Mzee akaichukua dola kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye spika. Ta! Ikaning'inia kichwa chini. Wekesa akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mzee hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema katika mji huu, tangu enzi za babu yake, anayegonga alama yake juu ya dola anawaambia watu wote: ikionekana mbovu, nileteeni mimi. "Sasa, Abednego, imeonekana mbovu. Tumekuletea wewe."

Mimi ambaye sijasaini hata risiti ya maji.

Bimdogo akasimama. Akauliza Kauthar atashika nini mbele ya kadhi. Katoni? Spika? Akasema amezika mume, amezika mama, hakulia mbele za watu, lakini leo. Na kweli macho yakamjaa. Hapo ndipo niliposema yote. Ngazi, ndimu, nta, soko, chai. Wekesa naye akaingia kati, akasema mwanzo wa yote ni yeye na mdomo wake, kama kuna wa kufukuzwa afukuzwe yeye. Bimdogo akamvuta sikio bila kumtazama, akaendelea kulishikilia.

Mzee akaniuliza saa ngapi sasa.

Swali la ajabu. Nikatazama mkono wangu mtupu. Yeye akapandisha mkono wa kanzu. Kavaa saa yangu!

Akasema yeye na Laoban Liang wanajuana miaka mingi, na mama huyo dola hiyo anaijua alama kwa alama, kwa sababu yeye Mzee humpelekea kila mara wakae kutafuta maduka ya zamani yaliyoigonga. Mpaka sasa wamelipata moja tu, la samaki, lilikuwa duka la chai. Jumatano akaletewa dola hiyo na kijana anayelalamikia kichwa. Alimuuliza kijana mara kadhaa, kwa ishara ya kofia, yuko wapi yule mzee mwenye kofia. Kijana akawa anakubali tu. Akaona aichukue kabla haijafika meza nyingine. Jana, baada ya kuongea na Mzee kwa simu, akafunga meza, akaenda kumngoja kwenye treni.

Mzee akatoa kitambaa ndani ya kanzu. Akakifunua. Samaki!

Akasema hakupewa bure, maana urafiki ni urafiki na soko ni soko, na saa imehesabiwa pia. Yeye ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wao kununua mali ya babu yake mwenyewe.

Bimdogo akaiweka kiganjani, gumba juu ya samaki, akafumba macho. Kisha akafanya jambo. Akaniita. Akanifumbua kiganja, akaniwekea dola, akakifunga kwa mkono wake. Akasema nishike nijue watu wakubwa wanavyoahidi. Ilikuwa ya baridi. Kisha ikawa ya moto. Nilihisi kila kijialama. Nilitaka kusema kitu, nikasema katalogi inasema imeharibika. Akainyang'anya.

Hukumu: sikufukuzwa. Ni mbaya zaidi. Kuanzia Jumatatu kila katoni itakayotoka ofisi hii itabeba mhuri wenye jina langu, kwa chuma kilekile. Spika ikikoroma Mbeya, watamtafuta Abednego. Dola ya 1872 imebaki imenasa kwenye spika juu ya meza yangu. Mzee kasema isibanduliwe. Saa kanirudishia.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimegonga katoni tangu asubuhi. Mara ya kwanza nilifumba macho. Baadaye nikazoea. Kusema kweli ni sauti nzuri.

Nimetafakari sana makosa yangu na nimeyaona. Yalikuwa mawili: sikupima kwa sumaku, na alama sikuziweka mapema. Sasa niko macho.

Tena nadaiwa heshima katika nyumba ile. Kauthar anaolewa na mimi nimemtisha shangazi yake. Lazima nipeleke zawadi, na zawadi lazima iwe dola.

Gazeti la Hong Kong linasema mwakani Amerika inatoa dola mpya ya rangi ya dhahabu, ina mama aliyebeba mtoto mgongoni. Mwakani! Lakini mimi, leo mchana, kwenye ngazi za jengo letu, nimekutana na mtu anayeuza mapambo ya Krismasi, na anazo tayari. Rundo zima, katika wavu mwekundu kama vitunguu. Tai yupo, neno dola lipo. Mama na mtoto hawapo. Nadhani ni toleo la kabla hajajifungua.

Safari hii sikukurupuka. Nimeisogeza kwenye spika: haikunasa! Nyingine: haikunasa! Hata moja haikunasa. Ni nyepesi, lakini Wamarekani walishaumia na ile nzito ya 1873, wamejifunza. Na zikikaa mfukoni hulainika kidogo. Katalogi iko wazi hapo: dhahabu safi ni laini.

Nimezigonga zote jina langu. Chuma kilizama kwa urahisi ajabu, na ndani pameonekana weusi wa kahawia, dalili ya ukongwe. Sasa zina mdhamini. Nimezipanga kwenye kikopo kingine cha bati na kukiweka juu ya redio iliyowashwa, pakavu na pa joto, unyevu usizifikie mpaka mzigo wa Unguja uondoke.

Wekesa kapita, kanusa, kasema ofisi inanukia kakao, kaniuliza ni nini. Nimemwambia safari hii hanidanganyi.

Sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kikoponi. Mji wa biashara huu. Hata mdudu anajua mali.